Laptopu ya Redio: Anza na Sauti, Kisha Saa

Usiku mmoja nilikuwa natuma FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi wa kidijitali kwa redio, kwenye 14.074 MHz, ujumbe wa mtu ukaingia kwenye laptopu. Mlio wake ukaenda hewani pamoja na mawimbi yangu. Niliuona mshale wa ALC, kipimo cha redio kinachoonya sauti inayoingia ikizidi, ukiruka mara moja na kurudi, nikajua kosa liko wapi: kompyuta ilikuwa imeichukua redio kuwa spika yake.

Wanaoingia kwenye redio ya ridhaa huniuliza wapakue programu ipi. Programu si tatizo. WSJT-X, inayotuma na kusoma FT8, ni ya bure, na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 1993, ni mmoja wa walioibuni FT8 yenyewe mwaka 2017. Kinachowakwamisha watu ni sauti.

Ukichomeka redio kwa waya wa USB, Windows huiona kama kadi mpya ya sauti, na mara nyingi huifanya ndiyo kuu bila kukuuliza. Fungua mipangilio ya sauti, rudisha spika na maikrofoni za laptopu ziwe kuu, halafu kadi ya redio ichague ndani ya WSJT-X peke yake. Zima milio yote ya mfumo. Zima na vile vikorombwezo vya kurembesha sauti, kwa sababu vinaharibu toni ambazo programu inahitaji kuzisoma zikiwa safi. Kadi iweke 48000 Hz. Kuna na sehemu ya mawasiliano, ambapo Windows hupunguza sauti nyingine ikidhani unapiga simu. Iambie isifanye lolote. Hiyo ilinipotezea Jumamosi nzima.

Kisha pima. Upande wa kupokea, bendi ikiwa na kelele zake za kawaida tu, kipimo cha pembeni kikae karibu na desibeli 30. Upande wa kutuma, weka redio kwenye modi ya data, anza na sauti ndogo, ipandishe taratibu huku macho yako kwenye ALC, na mshale ukianza tu kuinuka rudi nyuma kidogo. Nguvu nayo usiikamue: FT8 hutuma kwa sekunde 12.64 katika kila 15, mfululizo, na redio ya wati 100 itachemka. Mimi hutumia wati 30 na zinanitosha. Bila shaka, kabla ya kutuma chochote uwe na leseni. Kwetu Tanzania ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Saa nayo ina mambo yake, kwa sababu zamu zile za sekunde 15 hufuata saa ya kompyuta. Nilikwenda Bagamoyo na antena ya waya, hakuna intaneti. Mistari ya rangi ikashuka kwenye kidirisha cha programu kinachoonyesha mawimbi, mizito, mizuri, stesheni zimejaa, lakini hakuna hata herufi moja iliyosomeka. Nikabadilisha waya, nikawasha upya, nikahangaika karibu saa nzima. Kumbe saa ya laptopu ilikuwa nyuma kwa sekunde tatu. Nilipoiunganisha na intaneti ya simu ikajirekebisha, na maandishi yakaanza kumiminika. Tangu siku hiyo huangalia kwanza safu ya DT, yaani tofauti ya muda kwa sekunde kati ya saa yako na ya stesheni: ukiona stesheni karibu zote zimeandikwa 1.5 au zaidi, saa yako ndiyo mbovu, si zao.

Kipanya kikiganda au USB ikikatika kila unapotuma, mawimbi yanarudi kupitia waya. Uzungushe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, na uizuie Windows isizime milango ya USB kuokoa umeme.

Na chaja! Nilinunua ya bei rahisi, nikakaa wiki mbili nikiilaumu antena. Jioni moja umeme ukakatika, laptopu ikabaki kwenye betri yake na redio kwenye betri ya gari. Ule ukungu wa rangi uliokuwa umefunika kidirisha chote ukatoweka, kukabaki weusi mtupu na nyuzi nyembamba zikiteremka, na stesheni ya Japani ikasomeka kwa desibeli -19, yaani ikiwa dhaifu sana. Siku hizi nikikaa kusikiliza, chaja huwa nimeichomoa ukutani.