Usichangie damu ili upimwe homa ya ini

Usiende, mkuu. Umeandika kwamba wiki tatu zilizopita ulichanjwa chale kwa wembe uliokwishapita kwa wenzako, kwamba Jumamosi unataka kuchangia damu ili ujue bila gharama kama una homa ya ini B, na kwamba kwenye dodoso utajibu "hapana" ili usirudishwe. Halafu unauliza ule nini kabla ya kutoa na kama upate chanjo. Suala la kula ni dogo mno hapa.

Mimi nilitoka nje ya ndoa, nikaingiwa na hofu, na mfanyakazi mwenzangu, bingwa wa tiba aliyesomea kijiweni, akanihakikishia kwamba wachangiaji hupimwa kila kitu. Ni kweli damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Asichokijua bingwa huyo ni kwamba antijeni ya virusi vya homa ya ini B, yaani ile sehemu ya virusi inayotafutwa na kipimo, kwa kawaida huonekana kwenye kipimo takribani wiki nne baada ya maambukizi, na kwa wengine hadi wiki tisa, ilhali damu inaweza kuambukiza kabla ya hapo. Dodoso lipo ili kuziba mwanya huo. Nami nilisomewa maswali ya chumbani kwa sauti mbele ya foleni, na mhudumu aliyeona hilo ni sawa bado ananikera, ingawa ulimi uliosema "hapana" ulikuwa wangu.

Majibu yalikuja safi, nikajiona malaika, nikarudi nyumbani bila kinga wala tahadhari. Baadaye macho ya mke wangu yakawa ya njano. Yeye alipona, kama wanavyopona watu wazima wengi. Mimi nimo katika ile asilimia isiyofika 5 ya watu wazima wanaobaki na virusi, mimi ambaye sijawahi kushinda hata bahati nasibu ya mtaani. Uniti moja, yaani mfuko mmoja wa damu, hutenganishwa kuwa chembe nyekundu, plazima na chembe sahani, kwa hiyo huenda ikaingia kwa wagonjwa watatu. Niliporudi kituoni kutoa taarifa, damu yangu ilikuwa imeshatoka, na sikuwahi kuambiwa ilikwenda kwa nani.

Kwa hiyo damu hutolewa na mtu asiye na la kuficha kwenye dodoso. Mwenye wasiwasi huenda kupimwa kama mgonjwa na hulipa kama mgonjwa. Nenda kituo cha afya, taja chale na tarehe yake, uliza huko huko kuhusu chanjo, pima homa ya ini B, C na UKIMWI, kisha urudie watakapokuelekeza, na hadi hapo tumia kondomu na usiazimane wembe wala mswaki. Ikiwa kuna rafiki wa chale hiyo aliyekwishachangia, apige simu kituoni leo ili uniti yake itengwe kabla haijatoka.