Usizoeshe Miguu Peke Yake

SWALI: Mshauri, mimi na mwenzangu tumepanga kuendesha baiskeli kilomita 1,000 kwa wiki mbili katika nchi ya joto karibu na Ikweta. Mazoezi yangu ni kwenda nayo kazini, kilomita kumi kwenda na kurudi. Imebaki miezi mitatu. Rafiki zangu wanasema nijenge mapaja tu, mengine yatajipa. Nianzie wapi?

JIBU: Mapaja? Safari yangu ndefu ya kwanza iliishia siku ya nne, na mapaja yalikuwa mazima kabisa. Kilichonishinda ni makalio. Nilikuwa nimejizoesha kwa saa moja moja, baiskeli tupu, halafu nikaenda kukaa kitini saa sita kwa siku huku jasho linachuruzika. Ngozi ikalainika kama iliyolowekwa, ikachubuka, na siku ya mwisho nilikuwa naendesha nimesimama.

Kwa hiyo anza na kiti. Utakachosafiri nacho ndicho ufanyie mazoezi tangu leo. Usibadilishe wiki ya mwisho. Vaa kaptula yenye sponji bila nguo ya ndani, maana mshono wa nguo ya ndani ukilowa jasho ni msumeno. Beba mbili, kwa kuwa penye unyevunyevu nguo iliyofuliwa jioni huamka mbichi.

Sasa hesabu. Mkipumzika siku mbili, zimebaki 12, yaani kilomita 83 kwa siku. Baiskeli yenye mizigo hukupa kama 15 kwa saa. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi kunapopambazuka, na kufikia saa tano mtakuwa mmemaliza sehemu kubwa. Jua la mchana mliache lipite mkiwa kivulini. Kipande kilichobaki mkimalize mapema, kwa sababu karibu na Ikweta jua likizama giza halikawii.

Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Kama mnatoka kwenye baridi, siku za mwanzo ziwe fupi, hata mkijiona mna nguvu. Maji pekee hayatoshi pia: ukitoka jasho kutwa na kujijaza maji matupu, chumvi ya damuni huzimuliwa, na hilo ni hatari. Changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazisha. Usikosee ukageuza vipimo.

Chanjo na dawa za malaria kamuulizeni daktari mwezi huu, msingoje. Ya homa ya manjano, kwa mfano, huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia nchini.

Kuhusu vifaa, watu hubeba vingi mno. Mimi nilikuwa na viraka ishirini, nikapata pancha mvuani, nikaminya gundi, kimya. Nilikuwa nimeifungua miezi kadhaa nyuma. Ilikuwa imeganda humo ndani, ngumu kama kokoto. Nilisukuma baiskeli hadi usiku. Beba gundi mpya ambayo haijafunguliwa. Na kabla ya kurudisha tyubu, papasa ndani ya tairi kwa kidole, taratibu: mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo. Spoki nazo hupenda kukatika gurudumu la nyuma, upande wa gia, penye uzito. Funga tatu nne za urefu uleule kwenye fremu, na ujifunze kuzibadili ukiwa bado nyumbani.

Mwezi wa pili, pakieni kila kitu kwenye keria, maji yakiwa humo humo, mwende siku mbili mfululizo. Siku ya pili ndiyo mtihani, si ya kwanza. Mkirudi kila kitu ambacho hakikuguswa kitoeni, isipokuwa vya matengenezo na dawa. Na mkirudi bado mnasemeshana, kateni tiketi.