Kutenganisha milio ya Morse kwa masikio mawili
Ndugu, nimeelewa kwamba usiku, unaposikiliza Morse (ujumbe wa redio wa milio mifupi na mirefu) kwenye mita 40, bendi ya mawimbi mafupi ya redio, stesheni mbili tatu hukuingilia kwa pamoja, nawe wauliza kama stereo, yaani sauti tofauti kwa kila sikio, itasaidia. Itasaidia, mradi uvae hedifoni; spika moja ya mezani haitakufaa kitu. Kwa programu ya kompyuta, elekeza sauti nzito zaidi sikio la kushoto na nyembamba sikio la kulia, mpaka kati ya hizo mbili ukiuweka hezi 600 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), sauti zihame taratibu bila kukata ghafla. Hapo mlio wa hezi 450 utausikia kushoto, wa 750 kulia, na unaoutaka, ukiuweka kwenye hezi 600, utatulia katikati ya kichwa. Kelele haitapungua, ila ubongo utachagua kwa wepesi. Anza na sauti ndogo, kwani mlio mkali wa ghafla hudhuru. Masikio yakiendelea kuvuma, muone daktari.