Bakteria hushikaje? Majibu ya maswali yenu

Nikikojoa si bakteria wote hutoka? Mbona UTI hainiachi?

Wengi hutoka kweli. Wanaobaki ni wale wenye cha kushikia. E. coli, bakteria aletaye UTI nyingi, ana vinyweleo vyembamba mwili mzima, na kwenye ncha ya kila kimoja ipo protini iitwayo FimH, inayonasa sukari aina ya manosi juu ya seli za kibofu. Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara: mkojo ukipita kwa kasi na kukivuta kinyweleo, FimH hukaza zaidi, kama kitanzi. Mkojo ukitulia, hulegea na bakteria husogea kwingine. Kinyweleo chenyewe kimejiviringa kama springi, kwa hiyo kikivutwa hurefuka badala ya kukatika. Baadhi yao huingia ndani kabisa ya seli za kibofu na kujificha humo hadi dozi iishe. Maji endelea kunywa. Yanawatoa wale ambao hawajashika vizuri.

Basi nikinywa manosi ya unga, si watashika hiyo waniache?

Ungedhani hivyo, nami nilidhani. Lakini katika jaribio la Uingereza lililotolewa matokeo mwaka 2024, karibu wanawake 600 wanaosumbuliwa na UTI ya kujirudia walitumia unga kila siku kwa miezi 6, wengine manosi, wengine sukari ya matunda. Manosi haikuwasaidia zaidi. Usipoteze pesa.

Kama mwili una kingamwili, majipu yanarudije?

Chora herufi Y: ndiyo sura ya kingamwili, protini ya damu inayomnasa adui. Mikono miwili ya juu ya kingamwili humkamata adui. Mguu wa chini ndio unaoziita seli nyeupe zije kummeza. Staphylococcus aureus, mwenye kuleta majipu mengi, amevaa protini A, ambayo huidaka kingamwili mguuni. Inabaki imening'inia kichwa chini miguu juu, na seli nyeupe haipati pa kushika. (Viwanda vya dawa vimemwiga: protini A hiyohiyo hutumika kuchuja kingamwili za tiba.)

Daktari kasema koo la mwanangu lisipotibiwa litamdhuru moyo. Ananitisha?

Hakutishi, ikiwa koo limeshikwa na bakteria aitwaye Streptococcus pyogenes. Ngao yake ni protini M, iliyoelezwa na Rebecca Lancefield wa Marekani mwaka 1928. Ina aina zaidi ya 200, hivyo aliyepona moja hajakingika na nyingine. Ubaya zaidi, sehemu zake zinafanana na protini za moyo. Wiki chache baada ya koo kupona, kingamwili zinaweza kukosea na kuvamia vali za moyo. Mpe dawa hadi dozi iishe hata kama ameshaanza kucheza.

Protini hizo ziko nje, zinaonekana. Chanjo hazizilengi?

Zinazilenga. Chanjo kadhaa za kifaduro zina pertaktini, protini ambayo bakteria wake huitumia kushikilia njia ya hewa. Ila kilicho nje hubadilishika. Bakteria wa kisonono ana akiba ya vipande vya jeni anavyovipanga upya, na vinyweleo vyake huwa vipya machoni pa kinga. Na nchini Marekani wameshaenea bakteria wa kifaduro wasiotengeneza pertaktini kabisa, na bado wanawakohoza watu.