"Borrow" na "lend": sisi tuna kuazima, wao wana maneno mawili

Anayesema "Borrow me your pen" hajakosea kwa uzembe. Kiswahili ndicho kimempeleka huko. Kitenzi chetu "azima" kinafanya kazi pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, na jirani ameniazima jembe. Aliyetoa na aliyepokea tunawajua kwa viambishi, wala kitenzi hakibadiliki. Kiingereza hakina viambishi hivyo, kwa hiyo kila upande umepewa kitenzi chake. Kwenye fedha tunayo jozi ya namna hiyo, tena ndiyo ya kuishika: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha.

Ukiwa na shaka, weka "take" mahali pa "borrow" na "give" mahali pa "lend". "Give me your pen" inasimama, basi "Lend me your pen" ni sahihi. "Take me your pen" haieleweki, na "Borrow me" inaanguka nayo. Ukitaka kuanza na "I", sema "Can I borrow your pen?", kwa sababu kalamu inakuja kwako. Ukianza na "you", ni "Can you lend me your pen?"

Mtego mwingine ni "kwa". "Nimekopa kwa Juma" wengi huiandika "I borrowed to Juma". "Borrow" hufuatwa na "from": "I borrowed 5,000 shillings from Juma." "Lend" huchukua "to", au mtu hukaa mara tu baada ya kitenzi: "Juma lent 5,000 shillings to me", "Juma lent me 5,000 shillings." Ukishamtanguliza mtu, "to" iache, "lent to me 5,000 shillings" inakwaruza sikio.

Wakati uliopita, "borrow" haina matata: "borrowed". "Lend" huwa "lent", "lended" haipo. Katika kutendwa, "Nimeazimwa baiskeli" ni "I was lent a bicycle". Ukisema "I was borrowed", wewe ndiye uliyeazimwa, kama jembe.

Vitu vya kulipia vina neno lao: baiskeli ya kukodi ni "hire" au "rent". Na choo cha mwenyeji hakiazimwi, kwa kuwa hukihamishi: "Can I use your toilet?" Ila lugha zenyewe huazimana bila kurudisha. Kiswahili "borrowed" neno kitabu "from Arabic", na hakuna anayelidai.