Spishi vamizi zinawafunza nini watafiti wa dunia inayobadilika?

Ninasomea athari za mabadiliko ya tabianchi kwa viumbe. Nina haja gani na utafiti wa spishi vamizi?

Haja kubwa. Spishi hizi, yaani viumbe walioletwa mahali pageni wakaenea na kuleta madhara, zimekwisha kutufanyia jaribio ambalo mtafiti angekatazwa kulifanya: kiumbe katolewa kwao, katupwa katika hali ya hewa ngeni, kati ya majirani asiowajua, na yaliyofuata yakaandikwa kwa miongo mingi. Anayetabiri ya mwaka 2080 hana takwimu za mwaka huo. Za wavamizi anazo.

Je, joto na mvua havitoshi kutabiri kiumbe kitaishi wapi?

Havitoshi. Kisiwani Guam, katika Bahari ya Pasifiki, nyoka aliyefika baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliwamaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Miti iliyotegemea ndege ikakosa wa kusambaza mbegu zake, na buibui wakazagaa. Yote hayo bila hali ya hewa kubadilika. Ramani ya joto pekee isingeonyesha lolote.

Spishi ikikaa miaka mingi bila madhara, tupumue?

Hapana, na hili ndilo somo ninalolithamini kuliko yote. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Kwa miongo kama miwili hakuonekana tishio, kisha katika miaka ya 1980 akafurika na spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka. Lakini kumlaumu sangara peke yake ni kusimulia nusu ya kisa: wakati huohuo rutuba iliyosombwa kutoka nchi kavu ilikuwa ikiyatia maji ukungu na kuyapunguzia oksijeni. Visababishi viwili vilikutana. Basi anayepima joto peke yake, na kwa miaka mitano tu, anaweza kuandika "hakuna athari" huku athari ikiwa njiani. Msitu wa miti mikubwa yenye afya unaweza kuwa umeshakufa kimyakimya ikiwa miche haioti tena chini yake.

Mageuzi si huchukua maelfu ya miaka?

Si lazima. Chura wa miwa walipelekwa Australia mwaka 1935. Chini ya karne moja baadaye, walio mstari wa mbele wa uenezi walikutwa na miguu mirefu zaidi na mwendo wa kasi zaidi. Mifano ya kompyuta ya kutabiri viumbe wataishi wapi, inayochukulia kwamba kiumbe hakibadiliki inahitaji kurekebishwa.

Je, spishi inayohamia kwenye baridi kwa kukimbia joto nayo ni vamizi?

Mimi siiiti hivyo. Mvamizi huruka bahari na kuwaacha nyuma maadui na magonjwa yake. Anayesogea hatua kwa hatua mara nyingi hufuatwa nao. Tujifunze kwa wavamizi namna ya kupima, lakini tusiwaingize wakimbizi hawa kwenye orodha ya kung'olewa. Wengi wao hawana pengine pa kwenda.