Ukitaka kumwona domodomo, zima tochi

Mdogo wangu, umenunua tangi la kioo, mvuvi amekupatia domodomo na gogogo, na kila ukiangalia unaona mawe na maji tu. Hujapunjwa. Hao ni samaki wa usiku. Mchana wanajibanza, giza likiingia ndipo wanatoka kutafuta riziki.

Mimi nilianza vibaya. Usiku wa kwanza nilimmulika gogogo kwa tochi ya simu. Akajichimbia nyuma ya kigae, nikamwona tena siku ya tatu. Nikasoma mahali kwamba dawa ni taa nyekundu, eti samaki hawaoni wekundu. Nikaifunga taa kwa nailoni nyekundu. Wakakimbia vilevile.

Ushauri ule unawafaa zaidi viumbe vya baharini, ambako maji humeza wekundu mapema na wengi hawana macho ya kuutambua vizuri. Ziwa letu la Viktoria ni jambo jingine. Maji ya Ghuba ya Mwanza yana tope, buluu ndiyo inayopotea kwanza, na kinachofika chini ni umanjano na wekundu. Watafiti waliowachunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa visiwa vya humu ghubani, akiwemo Pundamilia nyererei aliyepewa jina la Mwalimu, walikuta kwamba wanaoishi chini zaidi wana macho yaliyoelekea kwenye wekundu. Domodomo si furu, sawa, lakini maji ni hayohayo. Kwa hiyo usidhani nyekundu hawaioni. Itumie, ila iwe hafifu na uielekeze ukutani, isipige kioo. Ukiweza kusomea gazeti, umezidisha. Iwashe jua likiwa bado halijazama na uiache ikiwaka, kila siku hivyohivyo. Taa inayowaka ghafla gizani inawashtua kuliko rangi yake.

Na usidanganywe na karabai za wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga. Hawa wako wanaukimbia.

Kaa kitini mapema. Macho yako yenyewe yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza. Simu usiiweke kwenye meza ya tangi, ikitetemeka tu umemaliza. Gogogo na kambare wana vijifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, kwa hiyo kishindo cha kandambili kwao si kitu kidogo. Kugonga kioo ndiyo sitaki hata kusikia.

Domodomo unaweza kumfuatilia hata bila taa. Anatoa mapigo madogo ya umeme, hayawezi kukudhuru, na ndiyo anayatumia kupapasa njia gizani. Chukua waya mbili, menya ncha, zitumbukize pande mbili za tangi, kisha ziunganishe na amplifaya ndogo ya betri. Ya betri, narudia. Ya umeme wa ukutani usithubutu karibu na maji. Utasikia ta, ta, ta. Akitulia mapigo yanakuwa machache, akianza kupekuapekua yanaenda mbio. Mimi husikiliza kwanza, yakishaongezeka ndipo nasogeza kichwa taratibu.

Chakula mpe giza likishaingia, mahali pamoja palepale, karibu na upande unaokaa. Domodomo ni mla wadudu wa chini, minyoo michache inatosha. Tandika mchanga laini, si kokoto, maana anauchokonoa kwa ule mdomo wake mrefu, na kokoto zinamchubua.